Kujikomba Mbele ya Jeneza Lako

Mpendwa Tata, baba yangu,

Unakumbuka siku ile sokoni Ekerenyo, chifu alipopita na jirani yetu akainama kumpangusa tope viatuni kwa leso yake mwenyewe? Wewe ulivua kofia, ukamsalimu chifu, ukarudi kwenye ndizi zako. Punde akapita bibi kizee na mzigo wa kuni, ukaivua tena. Nilikuuliza mbona jirani hakumwinamia bibi.

"Yule anajikomba," ulisema. "Heshima unampa hata asiye na cha kukupa. Anayejikomba huangalia kwanza nani ana nini."

Sikujua nitakuja kulitumia neno hilo kwa mtu wa nyumba yetu. Siku tuliyokuzika, mheshimiwa mbunge alifika wakati mchungaji yuko katikati ya maombi. Mogaka, kifungua mimba wako, ambaye siku hizi anautaka unaibu chifu kufa kupona, alimpokonya mchungaji maikrofoni ili amkaribishe. Viti vya mbele vilikuwa vimejaa, basi akamwinua Mama. Mama yetu, Tata, kutoka kwenye kile kiti chako cha mbao, na jeneza lako liko mbele yake. Hata mheshimiwa aliona haya.

"Na mama je?" aliuliza.

Mogaka akachekacheka. "Wacha wasiwasi, mkubwa. Huyo amezoea kusimama."

Mpaka leo nikimsikia kwenye simu, "ndiyo mkubwa, sawa mkubwa," kabla hata mkubwa hajamaliza sentensi, chakula hakinishuki. Mtu mzima ovyo. Tulikula ugali wa wimbi sahani moja naye, na bado ananitia kinyaa.

Juzi alikuja kukichukua kiti chako. Mheshimiwa atamtembelea Jumapili, na kwake kuna viti vya plastiki tu. Nilisimama mlangoni tayari kwa ugomvi, lakini Mama alikuwa amekikalia, anachambua chinsaga ya jioni. Hakuinuka.

"Ni siku moja tu, Mama. Nitarudisha," Mogaka akabembeleza.

Mama hakuinua macho kutoka kwenye mboga zake. "Mwambie mkubwa wako siku hizi nimezoea kukaa."

Mogaka alirudi kwake mikono mitupu. Lala salama, Tata.

Ni mimi, kitinda mimba wako.