Mkwe Anakuja, na Kidonda Ndiyo Kwanza Kimeziba

Mkonze, Dodoma
9 Julai 2024

Mpendwa Kaka Stanley,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Gladness na watoto hamjambo huko Songea. Sisi tupo, baridi inatutafuna, na mimi nimechoka kaka, sikufichi. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba ni ndogo na mdogo wetu Lameck husikia kila neno.

Ametoka hospitali juzi. Kile kidonda cha makalioni, kilichompata kwa kukaa na kulala tangu alipopooza miguu, wamekifanyia upasuaji mara ya pili. Wamevuta nyama ya paja wakaziba. Daktari kasema kinaweza kurudi akikaa muda mrefu bila kujinyanyua, akilowa, asipokula vizuri, na zile sigara zake ndiyo usiseme. Pale hana hisia, kwa hiyo kinachimbika na yeye hajui. Kikirudi tena, hakuna nyama nyingine ya kuvuta.

Sigara nimezificha, kanuna. Mayai na maharage anakula. Mimi na Ritha mkewe tunamgeuza kwa zamu mchana na usiku, viuno vimekufa. Hayo tunayaweza.

Tusiyemweza ni baba mkwe wake. Unakumbuka baada ya upasuaji wa kwanza, Mzee Batholomeo alipokuja na ndugu zake kutoka Makutupora kutoa pole? Lameck akagoma kulala. "Nimpokee mkwe nimelala? Hata!" Akavaa shati jeupe, akakaa kwenye kiti cha mbao toka asubuhi mpaka wageni walipoaga jioni. Hata kujiinua kidogo aliona ni kukosa adabu. Kuja kumvua suruali, damu. Jamani, nililia.

Sasa wanakuja tena, Jumapili ya mwisho wa mwezi. Ritha hawezi kumwambia baba yake kwamba mumewe atampokea amelala. Mimi ndiyo kabisa, nitaanzia wapi? Tangu baba afariki, mkubwa wetu ni wewe. Mpigie Mzee, umwombe atamke mwenyewe akiwa bado mlangoni, kwamba Lameck asiinuke kitandani. Lameck hawezi kumkatalia mkwe wake. Sisi hata hataki kutusikiliza.

Shangazi Lea mwambie namkumbuka sana. Mungu awafunike nyote, na mimi aniongezee kiuno.

Mpigie, kaka, usiseme utaona. Kumgeuza nitamgeuza mpaka nianguke, lakini nyama ya kuziba haipo tena.

Mdogo wako akupendaye hata akichoka,
Emiliana