Nani Kauonja Huu Mfupa

Jumatatu, 1 Septemba
Uji hauna chumvi. Mguu unauma. Mwajuma, mjukuu wangu, kaenda kazini maabara, kaniacha hapa Mbwawa na runinga. Mimi wa kufungiwa ndani kama mwali. Huko Marui, kijijini kwangu, nguruwe pori wanakula mihogo yangu.

Daktari anasema mfupa wangu wa muundi uliovunjika umeacha pengo, hautaunga wenyewe. Bila kulijaza sishiki jembe tena. Anataka kuweka mfupa wa kiwandani, chengachenga nyeupe kama chumvi ya mawe. Maabara inayoupima ndiyo hiyo ya Mwajuma. Sijapenda.

Jumatano, 3 Septemba
Nimemuuliza Mwajuma nani kauonja huo mfupa wa kiwandani. Kwetu humpi mgeni hata maji bila kupiga funda mbele yake, aone hayana sumu. Akacheka. Kasoma mpaka adabu imemtoka.

Anasema zinazoonja ni chembe hai za mfupa wa binadamu. Wanazilea kwenye visahani, wanazitilia maji waliyolowekea ule mfupa. Kisha wanatazama: zimekufa? Na zilizo hai, vinasaba vyake ni vizima au vimekatika? Vinasaba ndiyo ile asili inayompa mtoto pua ya babu yake.

Mfupa wa nani, nikauliza. Wa mtu aliyejitolea. Nimeishia darasa la nne, lakini sijaona mtu anayegawa mfupa.

Ijumaa, 5 Septemba
Daktari alisema majibu ya mfupa ni leo. Leo imepita. Mwajuma anasema tusubiri, macho chini. Huyu ananificha kitu. Chai yake sikuinywa.

Jumamosi, 6 Septemba
Nimemsikia uani akiongea na mkubwa wake kwa simu: "Hata asingekuwa bibi yangu, siupitishi."

Nikamwita, kaa hapa, sema. Kasema. Chembe hazikufa, zilinawiri, wenzake wakafurahi. Lakini vinasaba vya nyingi vimekatika, na chembe za hivyo zinaweza kugeuka saratani. Mkubwa wake anasema mbona ziko hai, na bibi anateseka.

Nimeelewa kuliko huyo mkubwa. Muhogo unastawi majani, unachimba, chini hamna kitu.

Nikamuuliza kwa nini alinificha.

"Bibi, niliogopa utakataa hata ule mzuri."

Mjinga. Ila kweli ningekataa. Nimelala na hasira, sijui za nani.

Jumatatu, 8 Septemba
Mzigo wa ule mfupa umerudishwa kiwandani. Mkubwa kanuna. Mwajuma kapika kisamvu, kakitia chumvi nyingi mno. Sikumgombeza.

Alhamisi, 25 Septemba
Mzigo mwingine umefika, umepimwa. Chembe hai. Vinasaba vizima. Nimemuuliza tena na tena, hakubabaika.

Kesho naingia chumba cha upasuaji. Naogopa, basi.

Jioni Mwajuma kaniletea maji. Akapiga funda kwanza, akanipa kwa mikono miwili.

Nimeyanywa yote.