Ukurasa wa Shukrani

Mungaa

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, salamu zako zimefika. Uwele tumevuna, mjomba wako amehamia Manyoni, nami nimebaki na kuku na redio. Moyo umechoka, daktari hanifichi tena.

Umeniuliza kama uyaondoe majina ya wazee waliokufundisha, kwa kuwa mchapishaji wa kitabu chako anataka shukrani ziwe fupi. Nitakujibu kwa jambo ambalo sijamwambia mtu.

Nilipokuwa sekondari, mtafiti wa chuo kikuu alikuja kuuliza habari za malisho. Mama yangu, ambaye hakujua kusoma, alimtembeza mbugani msimu mzima akimtajia kila jani kwa Kinyaturu, mimi nikitafsiri. Kitabu kilipoletwa, mama alifuta mikono kwenye khanga.

"Nionyeshe nilipo."

Nilitafuta. Walitajwa maprofesa, kisha "wafugaji wa kijiji." Nikaweka kidole hapo, nikasoma: "Elizabeti wa Mungaa, mwalimu wangu."

Alicheka. "Mwalimu! Na baba yako anasema najua kukamua tu. Hebu soma tena."

Nilimsomea hivyo mpaka alipofariki, na siku zote niliogopa asije akampa mtu mwingine amsomee.

Kitabu kiko hapa mezani. Jioni hukifungua, ingawa siyaoni tena maandishi madogo. Nimebaki peke yangu ninayejua kwamba hayumo.

Chako kikitoka, ukinikuta, unisomee ukurasa huo. Nitaamini chochote utakachosoma.

Bibi yako