Lori Lililopotea Njia

Zalesiny,
juma la tatu la Kwaresima

Dada yangu mpendwa Teofila,

Kabla ya yote pokea Tumsifu Yesu Kristo yangu, nami naisikia Milele Amina yako hata kutoka huko Gdynia. Magoti yako yanasemaje na upepo huo wa bahari? Na shemeji Edmund, ameacha sigara kweli, au bado anakwenda kuzivutia ngazini akidhani wewe huna pua? Mwambie namsalimu, na ile dawa yake ya kifua asiinywe kwa vodka.

Mimi mwenyewe ni mzima. Mikono imepasuka kwa baridi, na usiku napaka mafuta ya bata kama alivyokuwa akitupaka mama. Barafu kwenye mto imeanza kulia, kwa hiyo haitakaa sana. Korongo bado hawajarudi.

Uliniuliza habari za farasi, nami kwa miezi nimekujibu maneno mawili matatu ya kukutuliza. Leo nataka kukueleza sawasawa.

Wako tisa, wale wale aliowaacha marehemu mume wangu Bronisław. Unakumbuka alivyoanza: msituni zilipoletwa mashine za kuvuta magogo, akamnunua Perkun, farasi wa magogo, siku moja kabla ya kupelekwa kichinjioni, akarudi naye nyumbani amejawa haya kama mtu aliyelewa. Baadaye wakaja wengine, kipofu, kiwete, yule jike mwekundu aliyevunjwa mbavu na bwana wake wa zamani. Bronisław aliweza kuwalisha kwa sababu alikuwa na ulimi. Angekaa jikoni kwa mtu yeyote, akasifu supu, akamsikiliza mzee akilalamika, na kutoka pale na mkokoteni wa nyasi kavu bila hata kuomba. Mimi sina ulimi huo, dada.

Kiangazi kilichopita mvua haikunyesha mpaka Agosti, halafu mto Narew ukafurika na kuozesha nyasi za mkato wa pili zikiwa zimelazwa shambani. Nyasi zikapanda bei kila mahali. Pensheni yangu ya ujane unaijua. Ikimaliza kulipia makaa ya mawe inabaki ya chumvi. Niliuza trela. Kisha nikauza cherehani ya mama, ndiyo, ile ile, usinikasirikie. Mnunuzi alikuwa mwanamke mwenye heshima, na aliifunika kwa blanketi njia nzima.

Baada ya Misa watu waliniuliza, "Farasi wa Bronisław wanaendeleaje?" Nami nilijibu, "Tunamshukuru Mungu." Nilikuwa nimefunga milango ya banda ili mtu akipita asione dari la nyasi jinsi lilivyo tupu. Sikutaka aseme mtu kwamba alichojenga Bronisław kimemshinda mkewe Leokadia. Jirani Marcjanna ndiye niliyemwogopa zaidi. Tangu ule ugomvi wetu wa mpaka wa mashamba, tunasalimiana kwa kutazama mawingu.

Sijui kama nitaweza kukueleza upweke wa Januari ile. Theluji ilifunga barabara wiki nzima, na nilipofika dukani hatimaye kuomba mafuta ya taa, sauti ilitoka imekwaruza kama bawaba, maana nilikuwa sijaitumia. Farasi walianza kutafuna mbao za mahori yao. Nikiwa kitandani nilikuwa nawasikia. Nilivuta mto kichwani, bado nikawasikia.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi ule niliwatoa mapema kuliko kawaida. Ua ulikuwa barafu tupu. Perkun aliteleza miguu ya nyuma, akaanguka kwa ubavu, nikahisi ardhi ikitikisika. Unajua mnyama mzito vile akilala sana ubavu mmoja, uzito wake mwenyewe humuua. Nilimwaga majivu, nilivuta, nilisukuma, nilimbembeleza, nikamtukana. Alijaribu mara mbili, kisha akaweka kichwa chini na kuacha. Macho yake hayakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia kiwewe. Nikakimbia ndani nikawapigia simu zimamoto wa kujitolea.

King'ora kikalia kijiji kizima. Akaja Hieronim mwoka mikate, ambaye ndiye mkuu wao, na wanaume saba, wengine na nguo za kulalia chini ya makoti ya kazi. Marcjanna naye akafika mbio, akidhani nyumba yangu inaungua. Walipitisha mipira ya maji ya zamani chini ya tumbo la Perkun kama mikanda, wakaileta trekta. Hieronim akanipigia kelele, "Bi Leokadia, shika kichwa chake! Mwimbie, mtukane, vyovyote vile, ila asirushe mateke!"

Mmoja akaguna, "Huyu hata mama mkwe wangu hamfikii kwa uzito."

Mwenzake akamjibu, "Kamwambie hivyo leo jioni, tuone nani atakuja kukuinua wewe."

Wakahitaji nyasi za kutandika asiteleze tena. Marcjanna akaenda bandani kabla sijamzuia. Alirudi mikono mitupu, akasimama, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka akanitazama usoni. "Mle ndani hakuna kitu," akasema. Nikainamia shingo ya Perkun nisiwaone.

Na hapo hapo likaingia lori la Wawrzyn Kudła. Unamkumbuka Wawrzyn, tulisoma naye. Ndiye anayenunua farasi kwa ajili ya kichinjio, na watu humuuzia kisha hawampi mkono. Akashuka, akamwona farasi chini na zimamoto wamemzunguka.

Hieronim akamwendea. "Wewe! Umenusa mzoga? Hata hajafa! Nani amekuita hapa?"

Wawrzyn akanitazama. Nilikuwa nimepiga magoti barafuni na kichwa cha farasi mapajani. Alinitazama kidogo, akavua kofia, akasema, "Hakuna aliyeniita. Nimepotea njia."

Walicheka kwa hasira. "Miaka thelathini unaizunguka wilaya hii, leo ndiyo umepotea?" Marcjanna akafinyanga theluji akalirusha bonge kwenye kioo cha lori, na wengine wakafuata. Akarudi kinyumenyume mpaka barabarani, akaenda zake.

Jaribio la tatu Perkun alisimama. Alitetemeka mwili mzima, akatanua miguu, akakojoa mkojo mrefu kuliko Misa ya Pasaka, na wanaume wazima wakapiga makofi na kukumbatiana. Mimi nililia nikisingizia moshi wa trekta.

Kuanzia alasiri ile nyasi zilianza kuja. Wengine walileta kwa trekta, wengine kwa sleji ya watoto, na mzee Anzelm alibeba mzigo wake mgongoni kama mchawi na ufagio. Hawakuniuliza chochote. Akina mama wa kikundi cha kijiji waliuza maandazi ya jamu ile Alhamisi ya kula mafuta kabla ya Kwaresima, na pierogi za unga zilizojazwa viazi baada ya Misa, na fedha yote ikaenda kwa fundi wa kwato na daktari wa mifugo. Marcjanna alishusha magunia mawili ya shayiri mlangoni mwangu na kusema, "Usidhani nimekusamehe ule mpaka. Ila farasi hawali mpaka." Padre akahubiri juu ya mjane, na juu ya kunguru wanaozunguka nyumba ya mjane. Kila mtu alijua kunguru ni nani.

Na hapo, dada, naomba uketi kama umesimama.

Kunguru nilimwita mimi. Jumatano ya wiki ile ile nilimpigia Wawrzyn simu nikamwambia aje Ijumaa asubuhi na mapema, kabla kijiji hakijaamka, awachukue wote tisa. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika, nikasema ninayo. Nyasi zilikuwa za siku chache tu. Niliona bora wafe upesi kuliko kufa nikiwatazama. Alhamisi nilishinda bandani nikiwachana manyoya ya shingo, mmoja mmoja, ili waondoke wakiwa nadhifu. Na Perkun hakuanguka nikimpeleka kunywa maji, kama nilivyowaambia wote. Alianguka kwa sababu nilikuwa nimemtoa kulisubiri lori.

Basi fikiria nilivyokula maandazi yale ya jamu. Dukani walikataa kumwuzia Wawrzyn mkate. Mtu alimtobolea tairi, mwingine akamwandikia tusi kwa rangi kwenye lango. Kila robota la nyasi lilipoingia uani, chuki juu yake iliingia nayo. Jikoni kwangu walijaa watu, walicheka, walikunywa chai yangu, na sijawahi kuwa mpweke vile maishani, hata siku ya kumzika Bronisław. Siku ile angalau watu walikuwa wamekuja kwa ajili yangu. Sasa walikuwa wanamtembelea mwanamke mwingine, mjane shujaa, na mimi nilikuwa nawapikia chai.

Jumapili ya kwanza ya Kwaresima akina mama waliniita kwenye ukumbi wa zimamoto. Kulikuwa na keki, na Hieronim alikuwa amevaa sare. Walinipa sanduku la michango, wakapiga makofi. Nikaliweka sanduku mezani nikasema, "Wawrzyn hakupotea njia. Nilimwita mimi." Nikawaeleza yote, kama nilivyokueleza wewe. Ulimi niliupata, ajabu.

Hieronim akasema polepole, kama anayejisemea, "Tulimtobolea mtu tairi." Akavaa kofia akatoka. Wengine wakamfuata bila kugusa keki. Mwanamke mmoja alisema nimewafanya wapumbavu, wameuza maandazi kwenye baridi kwa ajili ya mchuuzi wa nyama. Sehemu ya maneno yake ni kweli.

Marcjanna alibaki ameketi na koti lake mapajani. "Kwa nini hukunigongea?" akaniuliza. Nikamwambia niliogopa atanitukana. "Ningekutukana, ndiyo," akasema. "Ningekutukana kwanza, halafu ningekupa."

Kesho yake nilikwenda kwa Wawrzyn. Nilimkuta anamenya viazi peke yake, redio inaongea. Tairi lilikuwa limeshazibwa. Akaniambia Hieronim alikuja usiku uliotangulia na zana zake, akaziba, akaacha mikate miwili kwenye ngazi na kuondoka. Nikamwomba Wawrzyn msamaha na kumwuliza kwa nini alisema vile. Alimaliza kumenya kiazi alichokuwa nacho. Akasema jina lake lilishachafuka siku nyingi, ila langu bado lilikuwa na kazi ya kufanya. Halafu akaongeza, ili nisije nikamwona mtakatifu, kwamba nikimwita tena atakuja, na safari hiyo atapakia, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Nikanywa chai yake. Alisema hakumbuki ni lini mtu alikunywa chai katika nyumba ile. Vikombe alivitafuta kwa muda mrefu.

Hivi ndivyo tulivyo sasa. Majike wawili wamehamia zizini kwa Marcjanna, kwa kuwa mikono yangu haitoshi tena kwa tisa, na nimelikubali hilo mbele ya watu. Hieronim na wenzake wachache huja Jumamosi kusafisha banda. Nyumba nne bado zinaleta nyasi; nyingine zimeacha, na siwezi kuzilaumu. Tukifika Mei, mbuga zitaota nyasi, tutapumua. Perkun anachechemea lakini anakula kwa wawili. Sanduku lile walinirudishia pungufu, kwa sababu waliokuwa wamekasirika walichukua chao. Kilichobaki nakijua ni changu.

Wanaokuja hawakai tena kama zamani. Hufanya kazi, husalimu, huondoka. Lakini wanaponisalimu, wananisalimu mimi.

Usinitumie fedha, dada, najua tayari unaitafuta pochi. Nipigie simu saa moja jioni, nikishamaliza kuwalisha. Hapo ndipo nyumba inapokuwa kubwa mno. Huhitaji kuwa na habari. Niambie umepika nini, nami nitakuambia nani kamng'ata nani.

Nisalimie shemeji, na wajukuu mmoja mmoja kwa jina, na yule jirani yako mwenye mbwa asiyenyamaza. Mungu akulaze salama kila usiku, na magoti yako ayatazame kwa huruma.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Leokadia