Jiwe la shingoni kwa mama jirani

Oya uko wapi??

Unakumbuka jana kwenye mazingaombwe nilivyomtoa mama jirani jiwe shingoni, watu wakacheka? Jiwe nalificha kati ya vidole, si unajua! Leo ananiambia, "Mwanangu, presha umeitoa, dawa nimeacha."

AMEACHA DAWA!!

Nikamwonyesha jiwe linavyojificha. Polepole kabisa. Anacheka: "Acha kujishusha, una kipawa wewe."

Huku anashika ukuta asianguke. Na mimi uganga siuamini, hata ndoto siziamini!

Nikaona huyu atanifia. Nikapeleka mkono shingoni kwake, nikatoa jiwe tena. "Mama, limerudi. Meza dawa."

Kameza hapohapo.

Sasa anasema nisipokuja kulikagua kila asubuhi, hamezi.

Nikiumwa je?