Sahani Iliyoulizwa Bei

Baba Salma uliyetangulia,

Nimerudi kutoka ule mji wako wa kwenye kalenda, na nimerudi na kichefuchefu. Si cha ndege, ndege ilikwenda vizuri. Ni kinyaa, kama cha kumwona mtu anatema mate jikoni kwako, na bado kimenikaa kooni. Salma anasema ninywe chai ya tangawizi. Ningekuwa na mtu wa kumweleza nisingekusumbua, lakini humu Blaine, kando ya Minneapolis, kila ninayemfungulia mdomo ananijibu neno moja tu: Hamadi ni muungwana.

Najua kwa kusikia hilo jina umeshakunja uso. Ndiye yule Hamadi wa magari, mtu wa kwetu Mombasa, aliyetuuzia lile gari bovu la kijani ukaja kumlaani majira yote ya baridi. Tangu uondoke amekuwa mwema kwangu. Theluji ya mlangoni huisafisha bila kuombwa, na kwenye hitima yako alisoma kwa sauti iliyowaliza watu. Mwaka huu ameniposa. Alituma wazee, wakakaa kwenye kochi lako, wakanywa kahawa, wakasema mwanamke kukaa peke yake katika baridi hii si jambo. Sikukataa, Baba Salma. Sitaki kukudanganya: nilikuwa nikielekea kusema ndiyo. Nimechoka kupika kwa sufuria dogo. Nikawaambia nitajibu nikitoka safari, na Hamadi aliposikia kuna safari akasema na yeye anakuja, pamoja na dada yake Rukia. Usianze. Mimi na Salma tulikuwa na chumba chetu.

Kalenda yenyewe bado iko pale pale karibu na friji. Ulipewa kwa daktari wa meno, ukaing'ang'ania Februari, ukakataa kuifunua hata tulipofika Juni. Ule mji wa Karibi kando ya bahari, nyumba za mawe zilizopakwa chokaa, roshani za mbao, na kichochoro chembamba hata jirani anaweza kukupa chumvi dirishani. Ukasema, “Mama Salma, hawa wameiba Old Town yetu, wameileta huku karibu.” Ukaapa tutakwenda ukistaafu. Figo zako zikaamua vingine. Basi nimekwenda mimi, nikuangalizie.

Kwanza nikupe mazuri, kwa sababu yapo na wenyeji hawana kosa. Mji ni ule ule wa kwenye picha. Wazee wanacheza domino barazani na kupiga meza kama baba yako alivyokuwa akipiga karata. Huwezi kuuliza hata njia kabla hujasema habari za asubuhi. Ukiuliza tu, mtu anakutazama mpaka ukumbuke kwamba una mama. Jioni ngoma zinatoka nyuma ya kanisa, na si za watalii, za watoto wanaofundishwa na shangazi zao. Na wali, Baba Salma. Wanapika wali wa nazi na mbaazi ndani yake. Siku ya kwanza nilipoutia mdomoni niliacha kutafuna, Salma akadhani nimekwamwa na mwiba wa samaki.

Sasa mabaya. Hoteli ilitufunga ukanda wa plastiki mkononi, kama ule waliokufunga wewe hospitali, nami nikashinda nao nikiuchukia. Ufukweni bahari ilikuwa imetupa mwani mwingi wa rangi ya kutu, umeoza, unanuka mayai viza, na wageni wamelala kandokando yake wakinywa vitu vya buluu. Lakini ule ni uvundo wa Mungu, nao unazoeleka. Siku ya tatu tukapelekwa kwenye ngome ya zamani, walikofungiwa watu waliotoka Afrika kabla ya kuuzwa. Uani wameweka mkatale, ule ubao wa kufungia mtu shingo na mikono, na pembeni kuna kibanda cha aiskrimu. Watu wamepanga foleni kupiga picha. Hamadi akapanga nao. Zamu yake ilipofika akaingiza shingo, akatoa ulimi nje, akaniita nimpige picha.

Nikamwambia sipigi.

“Aa, Mama Salma, relax,” akasema, kichwa bado kimo mle. “Ni utalii tu. Wenyewe ndio wameuweka hapa.”

Rukia akampiga. Ameituma kwenye kundi la WhatsApp, na chini yake wazee wale wale wa posa wameweka vikatuni vya kucheka. Mimi nilikwenda kusimama kivulini, mate yamenijaa mdomoni.

Pengine hilo ningelimeza. Ningesema mwanamume akiwa safarini huwa mtoto. Lakini tulipokuwa tukishuka kurudi kwenye basi dogo la hoteli, tulipita kichochoro chako. Kweli, kile kile cha Februari, mpaka mlango wa kijani niliutambua. Mama mmoja mtu mzima alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba yake, sahani mapajani: wali, mbaazi, kipande cha samaki. Nikamsalimu. Akaitikia, kisha akainua sahani kidogo, hivi, kwa mikono miwili, akasema tuje tule.

Nikakuona wewe, pale stesheni ya treni Minneapolis, mwaka wetu wa kwanza. Umetoka kazini, umefungua kibati chako cha mahamri na mbaazi, na Mzungu amekaa kando yako. Wewe, mtoto wa Kibokoni kule Mombasa, utakulaje na mtu anakutazama? Ukatafuta Kiingereza cha “karibu”, ukamwambia, “You are welcome.” Naye akakuuliza, kwa lipi? Ukamwonyesha mahamri. Akafikiri, akatoa pochi. Ulirudi nyumbani umelegea kwa kucheka, huwezi hata kuvua viatu. “Amenitolea pochi, Mama Salma! Nimemkaribisha, yeye yuanitolea pochi!” Ulikisimulia kisa hicho kila Idi, na hukumcheka kwa ubaya. Ulisema maskini, hakufunzwa na mtu.

Hamadi alifunzwa. Amezaliwa mitaa miwili kutoka kwenu, amelelewa na bibi aliyekuwa hawezi kumeza tonge mpita njia hajakaribishwa. Na Hamadi, bila hata ya habari za mchana, akasimama mbele ya mama yule, akaitazama sahani, akasema, “How much?”

Mama akadhani hakusikia vizuri. Akasema yeye hauzi, anakula.

“Okay, but how much for four?” Akachomoa noti, akainama akaiweka kwenye ngazi kando ya mguu wake. Akanigeukia akanikonyeza. “Hawa ukiwaacha watakuzungusha. Waonyeshe pesa tu, watalainika.”

Mama yule alifunika sahani yake kwa kiganja, kama mtu anavyofunika chakula inzi wakija.

Niliiokota ile noti, nikamsukumia Hamadi kifuani. Nikaomba samahani kwa Kiingereza changu cha kuvunjika, nikanawa kwa maji ya chupa, nikakaa kwenye ngazi. Mama akasogea kunipisha, akaondoa kiganja. Nikasema bismillahi, nikala katika sahani ya mtu nisiyemjua jina, tonge moja, mbili, akanichambulia samaki. Rukia alikuwa akicheka. Salma amesimama na simu, uso umemwiva. “Mom, please. The van is leaving,” akasema. Sikuinuka mpaka mama yule aliponiambia nimekula vizuri.

Njiani nilikuwa nikilifikiri lile neno la watu wa Blaine, muungwana. Kwa wazee wetu lilikuwa na maana ya mtu asiye mtumwa. Sisi tuliojiita hivyo tuliwauza watu, tusijitie hamnazo. Na pale ngazini, kati ya Hamadi na yule mjukuu wa waliofungwa kwenye ngome, muungwana alikuwa mmoja tu, na si yule aliyetaka kunioa.

Salma alimtetea Hamadi tuliporudi nyumbani, kwa Kiingereza kirefu. Anaogopa nitazeeka peke yangu, na ana haki ya kuogopa. Hata mimi naogopa.

Jana alasiri ndiyo ilikuwa ahadi ya jibu. Theluji imebaki ile chafu tu ya pembeni mwa barabara, jua limetoka kidogo. Nikapika wali wa nazi na mbaazi, nikavaa koti juu ya dera, nikakaa kwenye ngazi ya mbele kama mwendawazimu. Nilijiambia: nitamkaribisha. Akinawa akala, nitasahau yote. Niliahidi kweli, Baba Salma, na nilitaka iwe hivyo.

Gari lake likaegeshwa. Akashuka amependeza, ananukia udi. Nikainua sahani kwa mikono miwili.

“Karibu, Hamadi.”

Akacheka. Kumbe kisa ameshakigeuza mzaha wa kuwachekeshea watu. Akatia mkono mfukoni, akatoa pochi, akaipunga.

“How much?”

“Hakiuzwi,” nikamwambia. “Na wazee waambie jibu ni hilo hilo.”

Akarudisha pochi mfukoni, akarudi garini, akaliwasha akaondoka. Mimi nilibaki na sahani inapoa, na kile kinyaa, na hofu ya sufuria dogo. Mlango ukafunguka nyuma yangu. Salma, ambaye tangu darasa la tatu hajanijibu kwa Kiswahili, akasimama, mikono ameshanawa, inachuruzika maji.

“Songa, Mama,” akasema.

Nikasonga, nikaiweka sahani kati yetu.

Lala salama, mume wangu. Kalenda nimeifunua, imefika Machi.

Mkeo,
Mama Salma