Hakukuwa na Watu wa Bunduki

Mama,

Jumamosi nilikuita mwongo mbele ya picha yako, siku ya kuondoa matanga, miezi kadhaa baada ya kukuzika, na ukoo mzima ukasikia. Nakuandikia mwenyewe kwa sababu umbeya wa familia hii unafika mbali, na sitaki uupate kwa mdomo wa mwingine. Usitegemee niombe msamaha. Siombi.

Baada ya kukuzika nilianza kuharibika. Mwanamume akinipita karibu sokoni, naacha kikapu nakimbia. Nikikaa kwenye cherehani, macho yanaondoka, sindano inanipata kidole. Wateja wakachoka na marinda yangu yaliyopinda. Jirani akanivuta hadi kituo cha afya, kwa mwanasaikolojia tunayemwita Mama Jolie. Benchi lilijaa wanawake waliokimbia vita kutoka Kibati na Rutshuru, na hakuna aliyeniuliza nani alinifanyia. Mjini kwetu swali hilo haliulizwi. Mwanamke akikaa kwenye benchi lile, wote wanajua ni watu wa bunduki.

Matibabu yenyewe yalinichekesha. Unashika kichwani picha iliyo mbaya kuliko zote, halafu yeye anapitisha vidole viwili mbele ya uso wako, kushoto, kulia, kushoto, nawe unavifuata. "Kichwa kibakie, macho tu ndiyo itembee," alisema. Nilidhani ananibariki kama padri mwenye haraka. Lakini nilikuwa nawaona wale wanawake wakitoka mle ndani wepesi kidogo kuliko walivyoingia, basi nikakaa.

Nikashika ile picha uliyonipa wewe.

Lazima unaikumbuka, uliitunga mwenyewe. Basi dogo limesimama baada ya Kalengera, mvua inanyesha, watu wa bunduki wanatoka kwenye migomba, mmoja amevaa buti za mpira za njano. Hata buti uliziweka! Nilikuwa na miaka kumi na minne. Ulirudi kutoka sokoni na beseni lako la dagaa wa sambaza, ukanikuta sakafuni, na mume wako anafunga kamba za viatu aende mazoezi ya kwaya. Baba yangu alikuwa ameshakufa, na huyu ndiye aliyekuwa ametuingiza kwenye nyumba yenye mabati mapya. Alipotoka ulifunga mlango, ukaniosha kwa maji ya vuguvugu, polepole, kama mtoto mchanga, na huku unaniosha unatunga. "Useme ni watu ya bunduki, ku njia ya Rutshuru. Ukisema ni yeye, tutalala wapi?" Mikono yako ilikuwa mizuri sana siku ile, Mama. Hicho ndicho kinachoniua.

Watu wote waliamini. Hapa kwetu, nani asingeamini? Parokia ikaniombea. Mume wako mwenyewe akatoa misa ya shukrani kwamba Mungu amenirudisha hai. Alitembea kwenye maandamano ya matoleo na jogoo mikononi, mimi nyuma yake na mkungu wa ndizi, wewe nyuma yangu na kitenge kipya. Wakampigia vigelegele. Na baada ya misa ile hakuacha. Ulijua. Ukaanza kuchelewa kurudi kutoka sokoni.

Basi nilikuwa nafuata vidole vya Mama Jolie huku nimeshika buti za njano, na mwili wangu umetulia kama unasikiliza habari za redio. Hakuna chozi. Mwisho akashusha mkono, akaniuliza kwa upole, "Ile njia, ulishaka kuipita kweli?" Mama, sijawahi kufika Kalengera. Wala kabla, wala baada. Nilitaka kucheka, nikatapika kwenye ndoo yake.

Vidole viliporudi, buti zikaondoka. Vikaja viatu vyeusi, harufu ya dawa ya viatu, na wimbo wa kwaya kwa mluzi. Nililia mpaka kitambaa changu cha kichwa kikalowa. Mama Jolie akaendelea kupitisha vidole, na picha nayo ikaendelea yenyewe. Mwisho wake hakuwa yeye. Ulikuwa wewe, mlangoni, unatua beseni, na kabla hujanitazama mimi unageuka kutazama kama majirani wameona.

Nilitaka nimchukie yeye peke yake. Ingekuwa rahisi. Sasa nakuchukia na wewe, na bado nikipika sombe ya majani ya muhogo naonja kama ulivyonifundisha, na hilo linanikasirisha zaidi.

Kule hospitali ulipobaki mifupa, ulinishika mkono: "Ile habari ibakie ya sisi wawili." Nikakubali, maana nani anamkatalia mtu anayekufa? Lakini kuhusu Neema, mtoto wa kike uliyezaa na mume wako, huyu anayeniita Yaya kwa kuwa mimi ndimi dada yake mkubwa, hukusema hata neno. Unamwacha katika nyumba ile, na unanifunga mdomo mimi!

Jumamosi, mjomba aliuliza mtoto ataishi wapi. Mume wako akajibu haraka, "Atabakia na mimi. Nani atanipikia?" Wote wakatikisa vichwa kukubali. Hapo nikasimama, nikasema alichonifanyia, kwa jina lake, mbele ya wageni na sahani za wali.

Hakuna aliyemgeukia yeye. Walinigeukia mimi. "Lakini ilikuwa watu ya bunduki! Marehemu alituambia yeye mwenyewe!" Hiyo ndiyo kazi uliyoiacha, Mama. Umekufa, na neno lako bado linamlinda. Mjomba akaniuliza taratibu, "Unasema dada yangu alidanganya?" Ulikuwa mezani, kwenye fremu, na maua ya plastiki na mshumaa, unatabasamu. Nikasema ndiyo, Mama alidanganya.

Mume wako akaanza kulia, na watu wakaenda kumfariji. Ni mama mdogo peke yake aliyenyanyuka. Hakusema kama ananiamini. Alitia nguo za Neema katika mfuko wa mchele, akanikabidhi mkono wa mtoto, akasema, "Muende sasa, kabla baba yake hajawaona."

Sasa yuko kwangu. Ukoo haunisalimii, na baba yake ametuma watu kusema atakuja kumchukua. Sijamwuliza Neema kitu. Alipoingia chumbani hakutazama kitanda wala cherehani. Alitazama mlango, akaniuliza, "Yaya, huu unafungiaka kwa ndani?"

Ulilijua na hili, Mama?

Siwezi kukutakia amani leo. Labda siku nyingine, matibabu bado yanaendelea. Kwaheri kwa sasa. Ninachokuahidi ni hiki: Neema akiwa tayari kusema, nitamsikiliza mpaka mwisho, na jina atakalolitaja ndilo nitakalolipeleka mbele ya watu. Sitamtungia jingine.

Mwanao,
Esta